Rehani Inavyoweza Kumponyoka Mkopeshaji

Habari ya kukopa na kukopesha kila mmoja wetu anaijua. Mtu akipungukiwa na fedha humwendea jirani, mwenye duka, au chama cha kuweka na kukopa. Mkopeshaji naye huuliza: "Je, ukishindwa kulipa, fedha yangu nitaipata wapi?" Hapo mkopaji huweka rehani. Huenda akaweka baiskeli, cherehani, ng'ombe au shamba.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtu akishapewa rehani, basi, mambo yamekwisha. Anaweza kulala usingizi. Lakini sivyo. Rehani halali, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, inaweza kumponyoka mwenyewe mahakamani, siku mkopaji wake anapofilisika. Leo tutaeleza jinsi jambo hili linavyotokea.

Mifano yetu tumeichukua kutoka Marekani. Huko kesi za namna hii ni nyingi, na hukumu zake zimeandikwa wazi. Mfano wa kwanza ni habari ya mkulima na nguruwe wake. Lakini kabla ya kufika kwa nguruwe, tuelewane juu ya maneno machache.

KWANZA TUELEWE MANENO

Rehani ni mali ambayo mkopaji anaifunga kwa ajili ya deni. Akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kuiuza mali ile na kujilipa.

Rehani ziko za namna mbili. Namna ya kwanza, mkopeshaji anaichukua mali na kuiweka kwake. Kwa mfano, redio yako inakaa kabatini kwa mwenye duka mpaka ulipe. Namna ya pili, mali inabaki kwa mkopaji, naye anaendelea kuitumia. Mkulima hawezi kumpa mkopeshaji trekta lake, maana atalima na nini? Kwa hiyo trekta linabaki shambani, na rehani inabaki katika karatasi.

Kufilisika ni pale mtu anapokuwa na madeni ambayo hawezi kuyalipa, na mahakama inaingia kati. Mahakama hukusanya habari za mali yote na madeni yote. Mara nyingi huwekwa mtu wa kusimamia mali hiyo. Huyo tunamwita mfilisi.

Sasa tazama faida ya rehani kwa hesabu ndogo. Mtu amefilisika. Madeni yake yote ni shilingi 1,000,000. Mali yake yote ikiuzwa inaleta shilingi 300,000 tu. Kama hakuna mwenye rehani, kila mdai atapata shilingi 30 katika kila shilingi 100 anazodai.

Lakini tuseme mmoja wao anadai shilingi 200,000, naye ana rehani juu ya mali yenye thamani hiyo hiyo. Huyo anachukua 200,000 zake kwanza, zote. Zinabaki shilingi 100,000 za kulipa madeni ya shilingi 800,000. Wenzake watapata shilingi 12 na senti 50 tu katika kila 100.

Mwenye rehani amepata deni lake lote, na wenzake wamepata makombo. Ndiyo maana watu hupigania rehani. Na ndiyo maana mfilisi na wadai wengine huichunguza sana karatasi ya rehani. Wakiona kasoro, hawaiachi ipite.

MKULIMA NA NGURUWE WAKE

Huko Marekani palikuwa na mkulima mmoja na mkewe. Kazi yao ilikuwa kufuga nguruwe. Walikuwa na deni la dola 150,000 kwa shirika moja la kukopesha. Nguruwe walikuwa rehani ya deni hilo.

Mambo yakawa mabaya. Mkulima na mkewe wakaenda mahakamani kuomba ulinzi chini ya sheria ya kufilisika, Sura ya 11. Sura hiyo haimlazimishi mtu kuuza kila kitu na kufunga kazi. Inampa nafasi ya kuandika mpango wa kulipa madeni yake polepole huku akiendelea na kazi. Wadai wanausoma mpango na kuupigia kura. Hakimu akiukubali, wote wanafungwa nao.

Shirika lile la kukopesha halikukaa kimya. Lilipeleka dai lake mahakamani, kwa wakati, kama inavyotakiwa. Mpango ukaandikwa. Ulisema kwamba shirika litalipwa deni lake lote pamoja na riba. Hakimu akaukubali. Inaonekana kila mtu aliridhika.

Lakini kuna neno moja halikuandikwa. Mpango haukusema kwamba rehani juu ya nguruwe inaendelea. Wala haukusema kwamba imefutwa. Ulinyamaza tu.

Miezi michache baadaye nguruwe wakapata ugonjwa. Ilibidi wauzwe kwa kuchinjwa. Mkulima akapokea fedha, lakini hakuzipeleka kwa shirika. Shirika likasema: "Nguruwe hao ni rehani yetu. Fedha hizo ni zetu." Mkulima akajibu: "Rehani gani? Someni mpango. Rehani haimo."

Kesi ikapanda mpaka mahakama ya rufaa iliyoko mji wa Chicago. Mwaka 1995 ikatolewa hukumu, iliyoandikwa na jaji Richard Posner. Mahakama ilisema kwamba rehani ile imekufa. Deni bado lipo, na mkulima atalilipa kama mpango unavyosema. Lakini shirika halina tena haki ya pekee juu ya nguruwe wala fedha zao.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Shirika halikudanganya mtu. Karatasi yake ilikuwa halali. Dai lake lilipelekwa kwa wakati. Hata hivyo likapoteza rehani kwa sababu sentensi moja haikuandikwa.

KWA NINI IKAWA HIVYO?

Mtu anaweza kuuliza: je, rehani si haki? Inawezaje kufa bila mtu kuiua?

Swali hili ni zuri. Tena sheria ya zamani ya Marekani ilikuwa upande wa mwenye rehani. Toka mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kusema kwamba rehani haifi kwa sababu tu mkopaji amefilisika. Mkopeshaji akitaka, anaweza kukaa nje ya kesi, na rehani yake inavuka salama.

Lakini sheria ya sasa ya kufilisika, iliyopitishwa mwaka 1978, ina kifungu kinachosema hivi: mpango ukishakubaliwa na hakimu, mali inayoshughulikiwa na mpango inakuwa safi, haina madai ya wadai, isipokuwa yale yaliyotajwa katika mpango wenyewe au katika amri ya hakimu. Mahakama ya Chicago ilisema kwamba rehani nayo ni moja ya madai hayo. Isipotajwa, inaondoka.

Sababu yake ni hii. Mtu aliyeinuka kutoka kufilisika atahitaji kununua mbegu na chakula cha mifugo. Atahitaji mkopo mpya. Mkopeshaji mpya atauliza: "Mali yako imefungwa na nani?" Jibu lipatikane mahali pamoja, yaani ndani ya mpango. Kama rehani za zamani zinaweza kuibuka kama mizimu baada ya kila kitu kupangwa, nani atathubutu kumkopesha?

Na tena, mahakama iliona kwamba shirika lilikuwamo ndani ya kesi. Lilipeleka dai. Lingeweza kusema: "Andikeni kwamba rehani yetu inaendelea." Kuandika hivyo kusingegharimu chochote. Aliyekuwapo mkutanoni na akanyamaza, asilalamike baadaye.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Hukumu ile inamhusu mkopeshaji aliyeshiriki katika kesi. Yule aliyekaa kwake bila kushiriki, kwa kawaida rehani yake inabaki. Lakini kukaa nje nako kuna hatari, maana hapati nafasi ya kutetea deni lake mengine yanapopangwa. Mahakama nyingine za rufaa za huko nazo zimeifuata hukumu hii.

KARATASI YA TATU

Labda msomaji atasema: "Hilo ni shirika dogo. Wakubwa hawawezi kukosea hivyo." Basi sikiliza na hii.

Tumesema kwamba rehani ya namna ya pili inabaki katika karatasi. Sasa watu wengine watajuaje kwamba trekta lile shambani limefungwa? Kwa hiyo Marekani wana utaratibu wa tangazo. Mkopeshaji anaandikisha tangazo katika ofisi ya serikali ya jimbo. Tangazo linasema: mali fulani ya mtu fulani ina rehani yangu. Mtu yeyote anaweza kwenda kuangalia. Deni likiisha, tangazo linafutwa kwa karatasi nyingine.

Kampuni ya kutengeneza magari ya General Motors ilikuwa na mikopo miwili. Mmoja ulikuwa kama dola milioni 300. Wa pili ulikuwa mkubwa, kama dola bilioni 1.5, yaani milioni 1,500. Benki ya JPMorgan Chase ndiyo iliyosimamia mikopo yote miwili kwa niaba ya wakopeshaji.

Mwaka 2008 General Motors ilitaka kumaliza mkopo ule mdogo. Wanasheria wakaandaa karatasi za kufuta matangazo yake. Walitafuta katika orodha, wakapata matangazo matatu. Mawili yalikuwa ya mkopo mdogo, ni sawa. Kumbe la tatu lilikuwa la mkopo mkubwa! Karatasi zikapita mikononi mwa wanasheria wa pande zote mbili na watu wa benki. Hakuna aliyeona kosa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 tangazo la tatu nalo likafutwa.

Tarehe 1 Juni mwaka 2009 General Motors ikaomba kufilisika. Benki yenyewe ikawaarifu wadai wasio na rehani kwamba tangazo la mkopo mkubwa limefutwa. Wakafungua kesi. Benki ikasema: "Hatukukusudia kufuta. Ni kosa tu." Mwaka 2013 hakimu wa kwanza aliikubalia benki. Lakini Januari mwaka 2015 mahakama ya rufaa mjini New York iliigeuza hukumu hiyo. Ilisema kwamba swali si kama benki ilikusudia kuipoteza rehani. Swali ni hili: je, benki iliruhusu karatasi ile ipelekwe? Ndiyo, iliruhusu. Basi kufuta ni halali.

Kwa hiyo mkopo wa dola bilioni 1.5 ukapoteza tangazo lake kuu kwa karatasi moja iliyopitishwa bila kusomwa vizuri. Watu wale wote walikuwa wasomi. Walijua kusoma, lakini siku ile hawakusoma.

NJIA NYINGINE ZA KUPOTEZA REHANI

Kuna njia nyingine za kupoteza rehani katika sheria ya huko. Tutazitaja kwa kifupi.

Moja, kutoandikisha. Rehani ambayo haikutangazwa inaweza kuwa halali kati ya mkopeshaji na mkopaji. Lakini mkopaji akifilisika, mfilisi anaweza kuivunja. Mkopeshaji anasukumwa nyuma, anakaa pamoja na wasio na rehani. Tena tangazo la kawaida linadumu miaka mitano tu. Lisiporudishwa upya kabla ya muda huo kwisha, linakufa. Na jina la mkopaji likikosewa hata mtafutaji asiweze kulipata, tangazo ni kazi bure.

Mbili, rehani ya dakika ya mwisho. Tuseme mtu ana deni la siku nyingi lisilo na rehani. Anaona mambo yanaharibika. Rafiki yake mmoja katika wadai anamjia usiku na kusema: "Niandikie trekta lako liwe rehani yangu." Anaandika. Baada ya mwezi anafilisika. Sheria inasema hapana. Rehani iliyotolewa kwa deni la zamani katika siku 90 kabla ya kuomba kufilisika inaweza kuvunjwa. Kama aliyepewa ni ndugu wa karibu au mtu wa ndani ya kampuni, muda huo ni mwaka mmoja. Nia ni kuzuia mmoja asiwaruke wenzake kwa siri.

Tatu, vyombo vya nyumbani na vya kazi. Mkopeshaji mwingine hufunga vitu vya nyumbani vya mkopaji: vitanda, nguo, vyombo vya jikoni, zana za kazi yake, hata mifugo ya matumizi ya familia. Kama vitu hivyo vimebaki kwa mkopaji, na fedha ya mkopo haikuwa ya kuvinunulia, sheria inamruhusu mtu aliyefilisika kuomba rehani hiyo iondolewe, katika kipimo kilichowekwa. Maana mtu akinyang'anywa sufuria na jembe, ataanzaje maisha tena?

Nne, thamani kupungua. Deni ni dola 10,000, lakini trekta lililo rehani lina thamani ya dola 6,000 tu. Katika mipango mingi ya kulipa polepole, deni hilo linakatwa vipande viwili. Dola 6,000 zinahesabiwa zina rehani. Zile 4,000 zinahesabiwa hazina. Wakulima wa Marekani wanaijua sana njia hii. Mwaka 1986, wakati familia nyingi za wakulima zilipolemewa na madeni, Bunge lao lilipitisha Sura ya 12, ambayo ni ya wakulima wenye mashamba ya kifamilia. Mwaka 2005 sura hiyo ilifanywa kuwa ya kudumu.

JE, NI HAKI?

Wengine watasema sheria hizi zinawaonea wakopeshaji. Tusiharakishe kuhukumu.

Rehani ikivunjwa na mfilisi, mali haitupwi. Inarudi katika kapu la wote. Katika kapu hilo wamo wafanyakazi wasiolipwa mishahara, mwenye duka aliyeuza chakula cha mifugo kwa mkopo, na fundi aliyetengeneza mashine. Hao nao wana watoto.

Lakini mkopeshaji naye si lazima awe tajiri. Katika chama cha kuweka na kukopa, mkopeshaji ni sisi sote. Fedha ile ni akiba ya mama aliyeuza karanga na ya mzee aliyeuza mbuzi wake. Rehani ya chama ikiponyoka kwa uzembe wa karatasi, inayopotea ni akiba yao. Ndiyo maana jambo hili ni zito.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Sheria za Marekani si sheria zetu. Mtu asiende mahakamani hapa akataja Sura ya 11. Lakini wazo la kuandikisha rehani ni letu pia. Hapa Tanzania, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka rehani za aina nyingi zinazowekwa na kampuni ziandikishwe kwa Msajili wa Makampuni katika siku 42. Isipoandikishwa, rehani haina nguvu mbele ya mfilisi na wadai wengine. Kwa hiyo kama chama chenu kinaikopesha kampuni, hata kampuni ndogo ya kukoboa mpunga, jambo hilo liulizeni mapema, kabla fedha haijatoka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Rehani nayo ni mali. Inataka daftari, na inataka mtu wa kulisoma daftari hilo mara kwa mara.

Mambo ya kukumbuka:

1. Rehani isiyoonekana kwa macho inaishi katika karatasi. Karatasi ikifa, rehani inaweza kufa.
2. Andikisha rehani mapema, mahali sheria inapotaka, na kwa jina sahihi.
3. Andika tarehe ya mwisho ya kila karatasi katika daftari la chama.
4. Mkopaji akifilisika, soma mpango wote. Usitazame tu pale palipoandikwa utalipwa kiasi gani. Tafuta rehani yako imesemwaje. Kama haikutajwa, dai itajwe.
5. Usitie sahihi karatasi ya kufuta kitu mpaka uhakikishe ni kitu gani kinafutwa.
6. Jambo likiwa kubwa, mtafuteni mwanasheria mapema, wala msingoje hukumu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Shirika lililokopesha mfuga nguruwe lilikosa nini? Je, mngekuwa ninyi mahakimu, mngeamua vipi?
2. Chama chenu kina rehani ngapi ambazo mali yake inabaki kwa mkopaji? Karatasi zake ziko wapi leo?
3. Nani katika chama anazisoma karatasi hizo, na mara ya mwisho alizisoma lini?

Swali hilo la mwisho likikosa jibu, ndugu zetu, basi mkutano ujao wa chama umekwisha kupata ajenda yake ya kwanza.